Msimrudishe Darasa la Kwanza

Ipo rai iliyoota mizizi katika elimu ya watoto wakimbizi wa ukanda wetu, na imekaa muda mrefu hata watu wameacha kuiita rai. Wanaiona ni kanuni. Inasema hivi: mtoto aliyekimbia vita akaingia nchi inayofundisha kwa Kiingereza, naye Kiingereza hakijui, arudishwe chini. Aanze darasa la kwanza, au akibahatika la pili, akae na wadogo mpaka lugha imwingie. Ikishamwingia, masomo yake yataendelea.

Walioishikilia rai hii si watu wabaya. Ni walimu wakuu wenye madarasa yaliyofurika, maofisa wanaotaka takwimu za uandikishaji zikae sawa, wafadhili wanaopenda mpango unaoelezeka kwa sentensi moja, na mara nyingi wazazi wenyewe. Nami nakubaliana nao katika jambo moja kubwa: mtoto huyo anahitaji Kiingereza, na anakihitaji mapema. Nchini Uganda mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo manne, yaani Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, na maswali huja kwa Kiingereza. Asiyekimudu hapati sekondari. Wako wanaowahubiria wakimbizi kwamba Kiingereza ni kasumba ya kikoloni, huku watoto wao wenyewe wakipanda basi la shule ya Kiingereza kila asubuhi. Simo katika kundi hilo.

Ugomvi wangu ni na bei anayotozwa mtoto. Anaambiwa aache nje ya lango yote aliyokwisha kujifunza ndipo aruhusiwe kujifunza Kiingereza. Bei hiyo haina sababu ya msingi, na ubaya wake zaidi ni kwamba hata Kiingereza chenyewe haikinunui.

Tuangalie palipo na tatizo hili kwa wazi kabisa, mashariki mwa Kongo na magharibi mwa Uganda. Tangu waasi wa M23 walipoamka upya mwishoni mwa 2021, familia za Rutshuru na Masisi zimekuwa zikivuka mpaka kwa mawimbi. Bunagana ilitekwa Juni 2022. Goma ikaanguka Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 2018, watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakikimbia mauaji. Wengi wao waliishia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, kwenye nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko nyingine yoyote barani Afrika, zaidi ya milioni moja na nusu. Uganda inastahili sifa kwa hilo. Inawapa ardhi ya kulima, inawaruhusu kufanya kazi, na watoto wao wanasoma shule zilezile wanazosoma watoto wa wenyeji. Lawama ninayoitoa hapa naitoa kwa nchi iliyofungua mlango, nikijua kwamba nyingine zimeufunga.

Sasa mchukue mtoto wa miaka 13 aliyetoka Rutshuru. Kwao alimaliza darasa la tano. Alifundishwa kwa Kifaransa, na mwalimu alipotaka kueleweka vizuri aligeukia Kiswahili, ambacho ni lugha ya soko, kanisa na kiwanja cha mpira kuanzia Bunia hadi Lubumbashi. Anajua kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Anajua sehemu za ua, mito ya nchi yake, na kazi ya moyo na mapafu. Anafika shule ya makazi, anaulizwa jina na umri kwa Kiingereza, anajibu jina, anakwama kwenye umri. Usaili umekwisha. La pili.

Akiwa darasani anaitwa ubaoni kugawanya 96 kwa 4. Kwao, namba inayogawanywa huandikwa kushoto, inayogawanya hukaa kulia, na jibu huandikwa chini ya ile ya kulia. Ndivyo Wabelgiji walivyoacha. Uganda ni kinyume: inayogawanya iko kushoto na jibu linapanda juu. Mtoto anaandika alivyofundishwa, anapata 24, jibu sahihi kabisa, na mwalimu anafuta kwa sababu haelewi anachokiona. Baadaye ubaoni panaandikwa 3,500. Kwa mwalimu hiyo ni elfu tatu na mia tano. Kwa mtoto ni tatu na nusu, maana shule zinazofuata Kifaransa hutenga desimali kwa mkato, si kwa nukta. Anakosa tena. Hakuna aliyemwambia kwamba mkato umebadilika kazi alipovuka mpaka. Kwenye daftari la mwalimu sasa kuna ushahidi kwamba mtoto huyu hajui hesabu, na kwamba kumrudisha nyuma kulikuwa uamuzi wa busara.

Kosa la rai hii limelala hapo. Inapima lugha, halafu inaandika kwamba imepima akili. Mtoto hakuulizwa anajua nini. Aliulizwa kama anajua Kiingereza, akajibu hapana, na lile hapana likachukuliwa kuwa jibu la kila swali.

Tufanye hesabu ya miaka, kwa kuwa watetezi wa rai husema mwaka au miwili haimdhuru mtoto. Mwenye miaka 13 akianzishwa la pili, asiporudia darasa hata mara moja, atafanya mtihani wa la saba akiwa na miaka 18. Mtoto huyohuyo akipewa mwaka mzima wa maandalizi mazito ya Kiingereza, kisha akaingia la sita alilostahili kuingia kwao, atafanya mtihani ule akiwa na miaka 15. Tofauti ni miaka mitatu, tena katika umri ambao mvulana anaanza kuitwa kubeba mizigo senta na msichana anaanza kuchumbiwa. Msichana aliyevunja ungo, anayeketi benchi moja na watoto wa miaka saba wanaomcheka kwa sababu ya lugha na kwa sababu ya mwili wake, hahitaji mtu wa kumfukuza shule. Ataondoka mwenyewe. Kwenye ripoti ataandikwa kuwa ameacha masomo, wakati ukweli ni kwamba masomo yalimwacha siku ya kwanza.

Hoja ya kwanza ya wanaotetea utaratibu huu ni ile ya kuzamishwa. Watoto hushika lugha upesi, wanasema. Mtie katikati ya Kiingereza, asisikie kingine, baada ya muda atazungumza. Mfano wao ni mtoto wa Kisomali aliyehamia London, akaongea kama mzaliwa kabla mama yake hajajua kuomba tiketi ya basi.

Mfano ni wa kweli, ila mazingira siyo. Mtoto wa London anakutana na Kiingereza dukani, kwenye televisheni, kwa jirani, kwa marafiki, mpaka usingizini. Nakivale, Kiingereza kinaishi darasani na kwenye mabango ya mashirika. Kengele ikilia, uwanja mzima ni Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi, Kinyankole na Kisomali. Mwalimu mwenyewe akiingia ofisini anazungumza Kinyankole na wenzake. Humzamishi mtoto kwenye maji yasiyokuwepo. Unachofanya ni kumweka mbele ya ubao asioelewa kwa saa tano, ndani ya darasa ambalo kuwa na watoto zaidi ya 100 ni jambo la kawaida, na kutumaini kwamba ukimya wake ni dalili ya kujifunza.

Tena kushika lugha kuna ngazi zake. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya wahamiaji nchini Kanada, alionyesha zamani kwamba mtoto huweza kuchota Kiingereza cha mazungumzo kwa takribani miaka miwili, lakini Kiingereza cha masomo, kile cha kuelewa swali la sayansi na kueleza sababu, humchukua miaka mitano hadi saba. Hayo ni Kanada, palipojaa Kiingereza. Kwa hiyo kauli kwamba tumrudishe mpaka lugha imwingie, ikichukuliwa kwa uzito wake, maana yake ni kumsubirisha hadi aote ndevu. Na masomo aliyoyaacha hayamsubiri. Sehemu na desimali asipozitumia zitamtoka, Kifaransa chake kitachakaa, na Kiingereza hakijafika. Waswahili walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Afrika ina ushahidi wake pia, na ni wa siku nyingi. Mwaka 1970, pale Ile-Ife nchini Nigeria, Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake walianzisha mradi wa kufundisha shule ya msingi kwa Kiyoruba miaka yote sita, Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake aliyeandaliwa. Kundi jingine la watoto lilifuata utaratibu wa kawaida wa kuhamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Watoto wa mradi waliwapita wenzao katika masomo, na kwenye Kiingereza hawakuachwa nyuma. Waliosikia Kiingereza kwa saa chache lakini kikifundishwa vizuri hawakuzidiwa na waliokisikia kutwa nzima. Imepita zaidi ya nusu karne tangu hapo, na bado tunaambiwa kwamba saa nyingi za kutoelewa ndizo huleta kuelewa.

Kuna jambo jingine linalonifanya nishuku rai hii: hatuitumii kwa watoto wetu. Mtanzania anasoma msingi kwa Kiswahili miaka saba, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia, historia na hesabu kwa Kiingereza. Kila mzazi anajua mshtuko wa mwaka ule. Tumeulalamikia, tumeuandikia tafiti, na Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja na kukitumia kufundishia asiyekijua ni jambo jingine. Lakini katika malumbano yote hayo hajatokea mtu wa kupendekeza kwamba aliyefaulu la saba arudi la kwanza la Kiingereza. Angezomewa.

Rwanda ni mfano mkali zaidi. Mwaka 2008 serikali iliamua kuachana na Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza, nchi nzima, kwa muda mfupi sana. Walimu wenyewe wengi hawakukijua. Ilikuwa patashika, na mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya mwanzo, ingawa baadaye sera iligeuzwa tena. Pamoja na misukosuko hiyo, mtoto wa Kigali aliyekuwa la tano kwa Kifaransa hakuambiwa aanze upya. Aliendelea, na mzigo wa kuhama lugha ukabebwa na wizara, vyuo na mafunzo ya walimu. Mtoto wa Rutshuru, anayeishi upande wa pili wa volkano zilezile, akihama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza anabebeshwa mzigo wote peke yake. Tofauti yao ni kwamba mmoja alihamishwa na serikali na mwingine alihamishwa na risasi.

Watetezi wa rai wana majibu, nami sitaki kuyaruka.

Wanasema: si kila mkimbizi anajua Kiswahili. Kweli. Bidi Bidi na Adjumani kuna watoto wa Sudan Kusini wanaozungumza Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kinuer na Kibari. Kiryandongo wamefika watoto wa Sudan waliokimbia vita vilivyoanza Aprili 2023, waliosomeshwa kwa Kiarabu wakiandika kutoka kulia. Sidai kwamba Kiswahili ndicho daraja la kila mtu. Nadai kwamba kila mtoto ana lugha aliyosomea au anayoielewa vizuri, na hiyo ndiyo itumike kumpima na kumvusha. Kwa Wakongomani wa mashariki tunayo moja inayoeleweka na karibu wote. Kuiacha bila kutumika kwa sababu haiwafai Wadinka ni sawa na kuwanyima wote kwa kuwa chakula hakiwatoshi wote.

Wanasema tena: Kiswahili Uganda hakina mapokezi, ni lugha ya wanajeshi. Kumbukumbu hiyo ipo, hasa kwa waliouona utawala wa Amin. Lakini katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Tangu hapo kilio kimekuwa walimu: hawatoshi. Nao walimu wa Kikongomani wanaokizungumza tangu utotoni wanauza nyanya kwenye makazi ya wakimbizi.

Hapo ndipo penye kashfa kubwa kuliko zote. Miongoni mwa waliokimbia Kivu na Ituri wamo walimu wenye diploma na uzoefu wa miaka darasani. Ili waajiriwe, vyeti vyao vinapaswa kutafsiriwa, kuhakikiwa na kulinganishwa na vya Uganda, na hilo ni gharama na safari za Kampala kwa mtu ambaye pengine cheti chake kiliungua pamoja na nyumba. Wenye bahati huchukuliwa kuwa wasaidizi wa darasa: wanatafsiri, wananyamazisha watoto, wanalipwa posho. Uganda na jirani zake walitia sahihi Azimio la Djibouti, Desemba 2017, wakaahidi kuwaingiza wakimbizi kwenye mfumo wa taifa wa elimu na kushughulikia vyeti vya walimu wao. Mwaka 2018 Uganda ikazindua mpango maalumu wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji wanaowapokea, na ikapongezwa kote. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu huyu Mkongomani amemaliza miaka mitano akiliomba jembe, anaonyeshwa foleni ya mihuri.

Wanasema vilevile: fedha hazipo. Misaada inapungua, hilo halina ubishi. Ila waseme ni kipi kilicho ghali zaidi: mwaka mmoja wa maandalizi, au miaka minne ya ziada ya kumkalisha mtoto katika madarasa aliyokwisha kuyapita, akichukua nafasi ya mtoto wa miaka sita ambaye kweli anaanza? Vitabu havihitaji kuandikwa upya. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na vingine husomeka bure mtandaoni. Mtoto wa Goma atacheka baadhi ya maneno ya sanifu, lakini ataelewa swali.

Lipo jibu la upande wa pili kabisa, linalosema kwamba watoto hawa watarudi kwao, kwa hiyo wasome ya kwao na Kiingereza wasisumbuliwe nacho. Tanzania imefuata njia hiyo katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako Wakongomani wanasoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Faida yake naikubali, kwamba mtoto hapotezi darasa. Lakini kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa humo sasa wana watoto wao, na mtaala wa kurudi nyumbani umewalea watu ambao nyumbani hawajawahi kupaona, wala shule za Kasulu hazijawahi kuwa zao. Mtoto wa vita hajui atalala wapi mwakani. Anahitaji elimu inayofanya kazi akirudi na akibaki: Kifaransa chake kisife, Kiswahili chake kimtumikie, na Kiingereza aongezewe. Watoto wetu tunawatakia lugha tatu na tunawaita werevu. Za mtoto huyu tunaziona ni vurugu za kusafishwa.

Hata wazazi wanaodai Kiingereza kuanzia la kwanza, wakisema Kiswahili wanacho tayari, hawapingani nami kama inavyodhaniwa. Wanachotaka ni mtoto ajue Kiingereza. Waelezwe kwamba kukaa la pili si kujifunza Kiingereza. Darasa la pili la Uganda, kwa sera ya nchi yenyewe, linapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo, na Kiingereza ni somo tu hadi mabadiliko ya la nne. Kwa hiyo mtoto wa Rutshuru aliyerudishwa ili apate Kiingereza anaweza kujikuta akifundishwa kwa Kinyankole. Mzazi akilijua hili, hatakuwa wa kwanza kutetea kurudishwa.

Ninachopendekeza hakina maajabu. Mtoto apimwe hesabu na maarifa kwa lugha anayoielewa kabla ya kupangiwa darasa. Apewe mwaka wa kuvuka, nusu ya siku ikiwa Kiingereza kinachofundishwa kama lugha ya kigeni na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, nusu nyingine ikiwa masomo ya ngazi yake kwa Kiswahili au Kifaransa, ili asisahau anayoyajua. Kila wiki afafanuliwe istilahi za hisabati na sayansi kwa lugha zote mbili, na aonyeshwe wazi kwamba mkato na nukta vimebadilishana kazi. Mwalimu Mkongomani na mwalimu Mganda wawekwe darasa moja kama walimu wawili, si mwalimu na mkalimani wake. Uganda tayari ina programu inayobana miaka saba ya msingi kuwa ngazi tatu kwa ajili ya watoto waliopitwa na umri. Inasaidia wale ambao hawakuwahi kusoma, na iendelee. Lakini aliyekuwa anasoma hakupitwa na umri. Alisimamishwa na vita, kisha akarudishwa nyuma na sisi.

Vita vimewanyang'anya watoto hawa nyumba, mashamba na wengine wazazi. Kitu pekee walichovuka nacho ambacho hakuna kizuizi cha barabarani kilichoweza kukipekua ni kile walichojifunza. Wizara na wafadhili watachukua muda wao kubadili miongozo. Mwalimu mkuu hana haja ya kuwasubiri. Mzazi akikuletea mtoto kutoka Kivu wiki hii, kabla hujaandika jina lake kwenye daftari la darasa la pili, mpe hesabu tatu za darasa la tano na umwelekeze kwa Kiswahili. Akizipata, unajua pa kumpeleka.